Walezi wa makao ya watoto, tupeane uzoefu: umewahi kuumizwa zamu ya usiku?

Mlezi_Nkuhungu: Wadau, leo mwenzetu katoka zamu jicho limevimba, kapigwa kiatu na binti wa miaka 14. Mliofanya kazi kwenye makao, yapi yaliwakuta?

MamaWaZamu: Yangu ilikuwa hapahapa Dodoma, Julai, ule upepo wa baridi. Niko peke yangu na wavulana, mlinzi yuko getini. Kijana mmoja mjomba wake alimwahidi kumchukua likizo. Hakuja, na simu hapokei. Mtoto kashinda kimya, ugali hakugusa. Usiku wa manane nasikia kioo cha luva, pwaa! Naingia bwenini, anavunja cha pili. Namwita taratibu kwa jina, akanirukia, akakamata kamba ya funguo niliyovaa shingoni, akaisokota. Pumzi zikakata. Aliyeniokoa ni katoto ka darasa la pili, kaligonga mfuniko wa sufuria mpaka mlinzi akaja mbio. Asubuhi bosi ananiambia nisiende polisi, eti wafadhili watasikia!

Chausiku_M: Hiyo ya wafadhili tumeambiwa wengi.

Bwana_Kongwa: Mnawadekeza. Fimbo mbili tu, adabu inarudi.

Mlezi_Nkuhungu: Umpige mtoto aliyekimbia kwao kwa kupigwa? Sheria ya Mtoto ya 2009 umewahi hata kuifungua?

Bwana_Kongwa: Sheria haiingii zamu usiku.

Ustawi_Mstaafu: Mwanangu, pole. Ukishambuliwa, PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, unachukua kituo cha polisi, na haiuzwi. WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nayo ipo kwa anayeumia kazini. Mchango anatoa mwajiri, mshahara wako haukatwi. Na kitabu cha matukio kiandikwe usiku huohuo, maana kesho utaambiwa wewe ndiye uliyempiga.

Chausiku_M: Funguo ficha kwenye pindo la kanga, kiunoni.

Dereva_Ihumwa: Kiunoni si atakuvua kanga kabisa? Vaeni helmeti za bodaboda 😂

Msomaji_tu: Mama, kijana aliishia wapi?

MamaWaZamu: Tunaye. Ustawi wa jamii walimpeleka Mirembe, hospitali ya afya ya akili, akaonana na wataalamu, ana kliniki yake, katulia kiasi. Jana kanisaidia kuanika mahindi. Ila zamu bado naingia peke yangu, bajeti hakuna.

Bwana_Kongwa: Gomeni.

MamaWaZamu: Tukigoma hao watoto watalala na nani, wewe na fimbo yako?

Dereva_Ihumwa: Huyo akilala nao, wa kwanza kupiga mfuniko ni yeye.