Mrejesho: Kumalizia safari ya Kolombia mjini Cartagena

Niliwauliza kama ingefaa kumalizia safari yangu Cartagena au kubaki Bogotá, na wengi wenu mkanishauri niende. Nawashukuru sana.

Mji mkongwe, ulioanzishwa na Pedro de Heredia mwaka 1533, bado umezungukwa na kuta za mawe zilizojengwa kuwazuia maharamia na majeshi ya maadui, na ushauri wenu wa kutembea juu yake jioni ulikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa joto la mchana ni kali mno. Ngome ya San Felipe, iliyohimili mashambulizi ya Waingereza mwaka 1741, ipandeni asubuhi na mapema.

Kilichonigusa zaidi ni Plaza de los Coches, uwanja wenye roshani za kupendeza ambapo Waafrika waliotekwa waliuzwa; karibu na hapo liko kanisa linalohifadhi mabaki ya Pedro Claver, padre Mjesuiti aliyewahudumia watumwa hao hadi alipofariki mwaka 1654. Nawasihi msiishie kupiga picha uwanjani hapo, bali mtafuteni mwongozaji anayeieleza historia hiyo waziwazi. Malazi ya bei nafuu niliyapata mtaa wa jirani wa Getsemaní.