Naomba ushauri: uchawi wa Moonbeam kwenye D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika), adui anarusha dadu ya kujinusuru wakati gani?
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kuna ubishi mezani kwetu. Tunatumia vitabu vya sheria vya 2014, Moonbeam (nguzo ya mwanga inayoumiza aliyemo) inasema adui anarusha dadu ya kujinusuru akiingia kwenye mwanga mara ya kwanza katika zamu au akianza zamu yake humo. Sasa druidi (mchezaji mwenye uchawi huo) kausogeza mwanga juu ya goblini (adui wetu), anataka goblini arushe dadu hapo hapo, DM (msimamizi wa mchezo) anasema hapana, goblini hajaingia, mwanga ndo umemfuata, tusubiri zamu yake. Kwa maneno yalivyo naona DM yuko sahihi ila inauma, druidi katumia aksheni nzima (tendo lake kuu la zamu). Na nikimsukuma goblini ndani kwenye zamu yangu, halafu zamu yake ianzie humo, anarusha mara mbili? Vitabu vya 2024 mwanga ukimfikia tu anarusha, tuhamie huko?