"Sina muda" ni kisingizio? Wenye kazi na wenye kalamu, tujibizane

Alfajiri ya Mukono (mleta mada):
Naingia moja kwa moja. Nafanya kazi ofisini Kampala, nalala Mukono. Tangu Februari naamka saa kumi, naandika mashairi mpaka saa kumi na moja, halafu naoga na kukimbilia taksi kabla foleni ya Bweyogerere haijafunga. Kila siku isipokuwa Jumapili. Nimejaza madaftari mawili. Sasa kila nikikutana na wenzangu wa chuo, yule aliyekuwa anachora, yule wa gitaa, kilio ni kimoja: "sina muda". Nasema wazi, hakuna asiye na muda, kuna asiyetaka kuamka. Hata ule ushuru wa mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, wa mwaka 2018 haukuwatoa WhatsApp, ila saa moja ya kalamu hawana! Kwangu nyumba nzima imeshazoea: saa kumi na robo chai iko mezani, mlango unafungwa, baba yuko kazini. Mwenye hoja aje.

Steji ya Wandegeya:
Nakupinga nusu. Mimi ni wa boda. Hiyo saa kumi yako mara nyingine ndiyo narudi kulala. Kinachonisaidia ni hiki: mistari naitunga kichwani nikingoja abiria, naiimba kwenye simu isipotee, halafu Jumatatu pikipiki ikiwa kwa mwenyewe nakaa chini naipanga. Siku moja kwa wiki, na hiyo siku haiguswi, hata kama ni msiba wa jirani wa jirani. "Kila siku" ni neno la mwenye mshahara. Mwambie mtu wa boda aamke kila siku saa kumi aandike, siku ya tatu atashindwa, na ataamini hana kipaji, kumbe hana usingizi.

Mama Watatu:
Samahani ssebo. Hiyo chai ya saa kumi na robo inajichemsha?

Kijana wa Naalya:
Hahaha, banange! Nimevuta kiti.

Alfajiri ya Mukono:
Nnyabo, tusitoke nje ya mada. Mada ni muda wa sanaa, si jiko langu.

Mama Watatu:
Jiko lako umelileta mwenyewe, mimi nimeuliza tu nani yuko ndani. Na usidhani sina sanaa. Nasuka mikeka ya ukindu, bibi yangu wa Masaka ndiye aliyenifundisha kuweka rangi. Kuna mmoja niliuanza kabla sijapata huyu wa tatu, na wa tatu sasa yuko darasa la pili. Umekunjwa nyuma ya kabati. Unajua ukindu ukikaa bila kushikwa unafanyaje? Unakauka, ukiukunja unavunjika. Lazima uulowanishe kwanza, usubiri ulainike, ndipo mkono uanze. Hiyo saa moja yako inaishia kwenye beseni. Daftari unalifungua tu na kuendelea. Na hapo bado sijahesabu kwamba saa kumi na robo mimi ndiye niko kwenye sigiri, kwa hiyo ukisema "asiyetaka kuamka" unamwambia mtu aliyeamka kabla yako.

Fundi wa Kisenyi:
Mama kasema kweli kuhusu vifaa. Mimi nashona gomesi za watu kutwa. Jioni nikitaka kushona nguo iliyo kichwani mwangu, meza imejaa kazi ya harusi ya Jumamosi. Kuiondoa na kuirudisha ni nusu saa. Mwisho nikanunua cherehani ya pili, ya miguu, mbovumbovu, nikaiweka kwenye kona. Pale hakuna kitambaa cha mteja kinachoruhusiwa kutua. Tangu hapo nashona changu dakika ishirini, naacha sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa, kesho naanzia palepale.

Alfajiri ya Mukono:
Asante fundi, huo ndio mchango. Wengine wanataka ugomvi. Watu wakubwa walifanya kazi za watu na wakaandika. Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa shule, akitoka darasani anaandika. Hakulalamikia chai.

Mzee wa Bombo:
Mwanangu, Shaaban Robert hakuwa mwalimu. Alikuwa karani wa forodha, Pangani, tangu 1926, karibu miaka ishirini. Usiwape marehemu kazi mpya.

Alfajiri ya Mukono:
Shikamoo mzee. Karani, mwalimu, hoja yangu ni ileile: alikuwa na mwajiri.

Mzee wa Bombo:
Marahaba. Hoja si ileile. Karani wa forodha anangoja jahazi. Lakini kama unataka mtu wa alfajiri kweli, mchukue Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, mtumishi wa posta. Riwaya 47. Saa kumi na moja na nusu yuko mezani, saa yake mbele yake, anajitoza maneno 250 kwa kila robo saa, akimaliza anakwenda ofisini. Nilimsoma nikiwa kijana kwa sababu kitabu chenyewe kilikuwa hakina mwenyewe.

Alfajiri ya Mukono:
Mmeona? Mzee amemaliza mjadala.

Mzee wa Bombo:
Sijamaliza. Trollope hakujiamsha. Alikuwa na mtunza farasi mzee, akamwongezea paundi 5 kwa mwaka kwa kazi hiyo tu ya kumwamsha. Na huyo mzee alimletea kahawa, hakuchelewa hata siku moja. Trollope mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba huenda anadaiwa na mtunza farasi huyo kuliko mtu mwingine yeyote kwa mafanikio aliyoyapata.

Mama Watatu:
PAUNDI TANO. Mleta mada, wewe unalipa ngapi?

Kijana wa Naalya:
Nimeanguka kitini.

Steji ya Wandegeya:
Jamani, na ile ya siku moja kwa wiki? Hakuna aliyeijibu.

Kijana wa Naalya:
Subiri wa boda, mimi nina swali la msingi zaidi. Mashairi ya Kiswahili, Mukono, nani atayasoma? Hapa Kampala Kiswahili nakisikia usiku kwenye kizuizi: "toa kitambulisho, wewe". Na kimefanywa lugha rasmi juzi tu, 2022. Mtu anajinyima usingizi kwa lugha ya rungu?

Mzee wa Bombo:
Kijana, shika adabu. Mimi nimezaliwa kambi ya jeshi, mama yangu alinibembeleza kwa Kinubi na Kiswahili, hakuwa na rungu. Na si juzi: katiba ilirekebishwa 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Hiyo ya 2022 ni baraza la mawaziri kuamua utekelezaji, kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Miaka kumi na saba katikati yake ilikwenda wapi, hilo ndilo ungeuliza.

Kijana wa Naalya:
Mzee samahani, sikumaanisha mama. Nilimaanisha soko. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, wana kikao chao cha Jumatatu pale Kamwokya, watu wanasomeana kazi zao tangu miaka ya 1990, lakini ni Kiingereza. Wa Kiswahili anakwenda kumsomea nani?

Fundi wa Kisenyi:
Kisenyi hapa akija asome. Wasomali, Wakongo, Wanubi, sote Kiswahili ndicho kinatuuzia. Ila hapo kwenye kikao cha kila Jumatatu kuna jambo. Mtu akijua Jumatatu atasubiriwa na karatasi, ataitafuta hiyo saa mwenyewe, hata chooni.

Steji ya Wandegeya:
Jumatatu! Ndiyo siku yangu! Nimesema tangu juu!

Mama Watatu:
Wa boda nimekusikia, una akili. Lakini mleta mada bado hajalipa.

Alfajiri ya Mukono:
Haya. Mnanifanya mnyonyaji. Mke wangu hanilalamikii. Yeye ni mtu wa kuamka mapema, tangu kwao Tororo. Nilimwambia siku ya kwanza asiamke, akaamka mwenyewe.

Mama Watatu:
Ulimwambia mara ngapi?

Alfajiri ya Mukono:
Mara moja.

Mama Watatu:
Haya, sina swali lingine.

Mtu wa Mizani:
Ninyi mmebishana tangu jana na hakuna aliyeuliza la maana. Madaftari mawili tangu Februari. Shairi liko wapi? Tupe ubeti mmoja tuone kama usingizi ulikufa kwa haki.

Alfajiri ya Mukono:
Sikuja kujionyesha. Lakini haya, wa juzi:

Usiku ukiondoka, nakaa pangu mezani,
Jogoo akishawika, kalamu i mkononi,
Maneno yanamwagika, yananitoka moyoni,
Saa ni yangu hakika, si ya bosi wala ya nani.

Mzee wa Bombo:
Si mbaya hata kidogo. "Kalamu i mkononi" nimeipenda.

Mtu wa Mizani:
Vina vya kati vimekaa, ka kwa ka. Vya mwisho ni kwa ni, sawa. Mizani nane kwa nane mistari mitatu. Mstari wa nne, kipande cha pili, hesabu kwa vidole: si-ya-bo-si-wa-la-ya-na-ni. Tisa! Umeamka saa kumi kuzidisha mizani moja? Toa hiyo "ya" ya pili: "si ya bosi wala nani". Nane.

Kijana wa Naalya:
Na jogoo wa Mukono anawika saa ngapi? Wa kwetu huanza saa nane usiku, mpuuzi yule.

Fundi wa Kisenyi:
Mimi nimeona kitu kingine. "Saa ni yangu hakika."

Mama Watatu:
Fundi umeniwahi. "Wala nani." Huyo Nani ndiye yuko kwenye sigiri.

Alfajiri ya Mukono:
Nimetoa "ya". Kuhusu huyo Nani, kesho nimeweka saa ya simu saa kumi kasoro kumi. Ninachouliza tu, makaa ya sigiri mnayawasha na nini yakiwa na unyevu?

Mama Watatu:
Gamba la kitunguu kavu na karatasi. Si ya daftari.

Steji ya Wandegeya:
Au anipigie Jumatatu, nitamletea mkaa mkavu. Nauli ya usiku ni juu kidogo.