Fundi kasajili kamera za nyumbani kwetu kwa akaunti yake halafu ananambia "ndo zinavyofungwa"

Assalaam alaykum jamani. Nna hasira mpaka mikono inatetemeka, naandika kama yanavyokuja mnisamehe.

Mimi kazi yangu iko Unguja, bimkubwa yuko Wete, Pemba, na mdogo wangu wa kike na watoto wake. Karafuu zimeanikwa uani na mnajua hali ya msimu, ukizubaa kidogo jamvi tupu. Nikasema nifunge kamera mbili, moja itizame uani moja mlango wa mbele, niwe naona kwa simu nikiwa huku. Fundi kanitajia laki tatu na themanini, vifaa na ufundi, nikampa zote mkononi.

Siku aliyomaliza nilikuwepo. Kachukua simu yangu kaweka apu, picha hizo safi kabisa, "umeona bosi, popote utakapokuwa unaona". Kumbe simu yangu iko kwenye waifai ya nyumba ile ile! Yaani jaribio la kuona mbali tumelifanya tumekaa barazani. Nashuka boti bandarini Malindi hapa Unguja nafungua, hakuna kitu. Si angezima waifai akawasha data tu pale pale, ingemchukua dakika moja.

Nampigia, ananambia tuma elfu khamsini nikufungulie poti. Yaani ule mlango wa kwenye rauta wa kuingilia kutokea nje. Poti gani? Rauta ile ni ya laini ya simu, IP yake, yaani anuani yake ya mtandaoni, inaanzia na 100, ni zile anazogaiwa mteja huku nje mnashirikiana anuani moja watu chungu nzima, fungua poti mpaka kesho haingii mtu. Kamera hizi zinapita kwa siriali namba, unaskani stika yake basi, seva ya watengenezaji inazikutanisha na simu yako. Haya kanieleza kijana mmoja wa mambo ya mitandao hapa Darajani, wala hakunidai hata senti.

Nikamgombeza fundi, baada ya nusu saa picha zikaja. Nikafurahi, wallahi nikamshukuru. Ila yule kijana akaniuliza, huyo fundi yuko Chake, kafanyaje bila kuishika simu yako wala kamera? Akaunti ya nani? Tukafungua apu tukatizama, chini ya kila kamera imeandikwa imeshirikishwa na, halafu namba ya fundi. Mwenye kamera ni yeye! Mimi nimekaribishwa tu, akitaka ananitoa saa yoyote.

Hapo ndo nikakumbuka bando. Niliweka GB 10 kwenye rauta ya nyumbani zikaisha siku nne, na mimi nilikuwa natizama dakika mbili tatu. Kurekodi kunakwenda kwenye kadi iliyomo ndani ya kamera, bando haliguswi, linaliwa pale mtu anapotizama. Kamera moja ikituma picha kwa Mbps 1 ni kama MB 450 kwa saa, sasa pigeni hesabu wenyewe, GB 10 ni zaidi ya saa ishirini. Bimkubwa ana simu ya tochi, mdogo wangu ana bando lake mwenyewe. Nani kakaa akatizama uani kwetu saa zote hizo?

Na uani jamani! Pale mdogo wangu anakosha nywele, bimkubwa anakaa na kanga yake anachagua vikonyo. Mwanamme wa nje hapiti pale bila kupiga hodi, huyu anaingia usiku na mchana kwa simu yake.

Nimemuuliza, jibu lake "ndo zinavyofungwa bosi, ikiharibika nikusaidie nikiwa huku huku". Nikamwambia zitoe kwenye akaunti yako, anataka elfu thalathini. Na kuriseti kwa kile kitufe hakusaidii, paswedi inafutika lakini kwenye akaunti yake zimebaki, mpaka azitoe mwenyewe au uwaandikie watengenezaji na risiti ya kununulia. Risiti hakunipa, nami sikudai.

Sasa hivi kamera ya uani imefunikwa kipande cha kanga, na karafuu kila magharibi zinaingizwa ndani pakacha moja moja kama zamani. Jumamosi navuka, nakwenda dukani kwake na mjomba wangu, azitoe mbele ya macho yetu na senti simpi.

Nnachouliza, kuna aliyewahi kuwaandikia watengenezaji bila risiti wakakubali? Picha ya stika na boksi zinatosha? Na nyie mliofungiwa na mafundi, fungueni apu sasa hivi mtizame jina la nani liko pale.