Mada: Dola 15 za Missouri zimekuja, mbona cheki yangu imeshuka?

Wapendwa wa Kansas City, poleni na baridi.

Mimi niko dobi ya hoteli, nakunja mashuka, upande wa jimbo la Missouri, maana jiji letu limekatwa na mpaka wa jimbo la Kansas. Mwaka jana nilikuwa napata saa 38 kwa wiki kwa dola 13.75, yaani 522.50 kabla ya makato. Tulivyosikia kuanzia Januari 1, 2026 kima cha chini cha mshahara Missouri ni dola 15 kwa saa, nikapiga hesabu haraka: 570! Nikamwambia mama kule Uvira, Kongo, ada ya mdogo wangu isimpe mawazo tena. Cheki imefika: saa 32, dola 480. Nimepandishwa na kushushwa siku moja. Hii ni halali kweli? Na mama nimwambie nini?

Dada wa Northeast

---

Dada, pole sana. Jibu halitakufurahisha: ni halali. Sheria imegusa bei ya saa, haikugusa idadi ya saa. Labda uwe na mkataba unaotaja saa, na wengi wetu hatuna.

Ila usiiweke hiyo karatasi ya malipo chini bado. Angalia vitu viwili. Kwanza tarehe za kazi, maana cheki ya kwanza ya Januari mara nyingi inalipa siku za Desemba, na hizo bado ni 13.75, watu wamegombana na bosi bure kwa hilo. Pili, linganisha saa zilizoandikwa na saa ulizofanya. Andika mwenyewe kwenye kidaftari, kila siku, saa ya kuingia na ya kutoka. Kama saa zimeliwa au bei iko chini ya 15, hapo una kesi: sheria ya Missouri inakupa miaka 3 ya kudai, na mwajiri anaweza kuamriwa kulipa upungufu wote na juu yake mara mbili ya upungufu huo.

Kama unapata stempu za chakula, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, peleka cheki mpya ofisini. Kipato kikishuka stempu hupanda. Watu wetu wana woga wa kwenda pale, wanadhani kila karatasi ni mtego.

Kaka wa Columbia

---

Nakubaliana na kaka, niongeze tu la upande wa pili wa barabara. Mimi nalala Northeast, mtaa wa upande wa Missouri, lakini gari la agensi ya kutafutia watu kazi linatuchukua saa kumi alfajiri kutupeleka ghala la Kansas. Ni dakika ishirini tu. Kule kima cha chini ni 7.25, kile kile cha serikali kuu kisichosogea tangu 2009! Ghala linatulipa 13 kwa sababu bila hivyo halipati watu, siyo kwa sheria. Kinachohesabika ni unapofanyia kazi, siyo unapolala. Ila kodi ya mapato ya jiji la Kansas City, Missouri, ya asilimia 1, hiyo inanifuata hadi kitandani. Kwa hiyo kabla hujasaini agensi, uliza ghala liko jimbo gani. Mimi sikuuliza.

Baba Mapacha

---

Wanangu, nami niseme, mimi ninayeajiri. Nina kibanda cha sambusa na maandazi, vijana wawili. Biashara ya rejareja au huduma yenye mauzo chini ya dola 500,000 kwa mwaka haibanwi na hiyo 15, na mauzo yangu hayafiki hata robo. Bado nalipa 15, la sivyo kijana ananiaga Ijumaa. Nimepandisha sambusa senti 25 na wateja wamenung'unika wiki moja.

Kinachoniuma ni kingine. Hiyo 15 tuliipigia kura Novemba 2024, karibu asilimia 58 wakakubali, na ndani yake kulikuwa na likizo ya ugonjwa yenye malipo. Ilianza Mei 1, 2025, wabunge wakaifuta, ikaisha Agosti 28. Wakafuta na lile la mshahara kupanda kufuata bei za vitu kuanzia 2027. Kwa hiyo hiyo 15 itakaa hapo hapo huku kodi ya nyumba ikiendelea kupanda. Dada, msichana wangu wa Jumamosi anaondoka mwezi ujao. Njoo tuongee.

Mama Sambusa

---

Shikamoo mama, asante sana. Nimeangalia tarehe: zote ni za Januari, na saa ni 32 kweli. Nimemuuliza msimamizi, akasema vyumba vyenye wageni ni vichache mpaka Machi. Ofisi ya stempu wameniomba cheki nne za mwisho, nazipeleka kesho. Jumamosi hii nakuja, mama, nikitoka kanisani. Mama yangu wa Uvira nimemwambia asubiri kidogo.

Dada wa Northeast