Kaunta buku naandika kila siku, bado nimekadiriwa kama asiyeandika kitu!

Wakuu, nimetoka ofisi ya kodi sasa hivi, hasira zimenijaa hadi nimepanda daladala siyo.

Nina kiduka cha vyombo Mbagala. Tangu Januari mwaka jana naandika kila ninachouza kwenye kaunta buku, lile daftari nene: "beseni 4, ndoo 2, chujio 1 = 31,500". Watoto wakishalala najumlisha kwa simu. Mwaka umefunga na 9,600,000.

Mwenye mauzo ya kati ya milioni 7 na 11 akiwa na kumbukumbu kamili analipa 90,000, na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwangu ingekuwa 168,000. Asiye na kumbukumbu anapigwa 250,000 bila mjadala. Hiyo tofauti ya 82,000 ndiyo iliyoninunulisha kaunta buku, uzalendo siusingizii.

Kijana wa makadirio akafunua kurasa tatu. Akakwama pale nilipoandika "mama chapati, sufuria, atamalizia mwisho wa mwezi". Akacheka. "Mama, hili si la vikoba kweli?" Nikanyamaza. Akauliza, "Risiti za manunuzi?"

Hapo akanimaliza. Kejeli yake sijaimeza, ila swali lilikuwa halali, na jibu lake liko Kariakoo.

Nyie wa maduka ya jumla, nasema na nyie! Mwezi uliopita nimenunua mzigo wa 410,000. Kijana wa kaunta hata hajanitazama: "Dada, na risiti au bila?" Kumbe na risiti bei inapanda! Nikaomba hivyo hivyo, nikapewa karatasi ya 60,000. "Hiyo itakuvusha njiani." Nikibishana, mzigo unarudi stoo na foleni nyuma yangu inanizomea. Sasa hiyo 350,000 iliyobaki niithibitishe kwa nini, kwa kiapo?

Mei 2023 mlipofunga maduka mkilia na kamatakamata ya watu wa kodi, hadi Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, sisi wa pembezoni tuliwaonea huruma. Leo mauzo yenu mnayaficha kwenye daftari langu mimi. Mimi sijafika hata milioni 11, mashine ya risiti sijalazimishwa kuwa nayo. Nyie mnayo, imekaa hapo mezani, mmeifunika na gazeti.

Na msiniambie "ndiyo biashara ilivyo", nimeshaisikia hiyo ya kutosha.

Basi nimepigwa hiyo 250,000; awamu ya kwanza nimelipa 62,500. Zimebaki tatu kama hiyo. Kama humu yupo anayeuza vyombo kwa jumla na kutoa risiti ya bei kamili bila kununa, aandike jina la mtaa tu. Jumamosi nashuka Kariakoo.