Naomba ushauri: MD Muhimbili au KCMC?

Wakuu, mdogo wangu kachaguliwa udaktari (MD) vyuo viwili, MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili, Upanga, Dar) na KCMC Moshi. Lazima athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri ya TCU (tume ya vyuo vikuu) kabla dirisha halijafungwa.

Kote ni miaka 5, kisha intanshipu (mazoezi ya kazi hospitalini) mwaka 1, hapo hakuna cha kupima. Upanga ana MOI (taasisi ya mifupa) na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete palepale Muhimbili, kwa hiyo kesi adimu hazimpiti. Hofu yangu ni msongamano: raundi ya wodini ikiwa na marezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa), maintani (walio intanshipu) na wanafunzi kitanda kimoja, wa mwaka wa 3 anaishia kuchungulia mgongo wa mwenzake. Moshi ngozi na macho wako vizuri mno, ila ada ni ya chuo binafsi. Bodi ya mikopo ikitoa asilimia pungufu, pengo linajazwa nyumbani.

Waliopita huko, nisaidieni haya: kundi la klinikali ni watu wangapi kwa mgonjwa mmoja? Wapi mwanafunzi anashika sindano mwenyewe, anaweka katheta (mrija wa mkojo), anashona kidonda, badala ya kutazama tu? Na kodi ya chumba Upanga, akikosa hosteli, ikoje? (Majibu ya "popote kambi" hapana, jamani.)